Wiki Moja Chumba cha Mawe

Jumapili, 11 Januari 2026

Saa sita za kusimama. "Usiguse, tafadhali" — nimeisema mara arobaini hivi. Chumba changu hapa jumba la sanaa, huku ughaibuni, ni cha mawe: mabakuli ya kale, vyetezo, vyote nyuma ya vioo. Leo wakaja kina mama wasioona. Cheryl wa idara ya elimu, Mkenya mwenzangu, akawaeleza weee! Mwishowe Bi Hadijah akauliza: hili jiwe ukilishika likoje? Ni mwenyeji wa huku, ila ukoo wake ulitoka Unguja; Kiswahili chake kinanipita mbali. Cheryl akapekua karatasi zake. Na mdomo wangu huu! Nikajibu: laini, Bi. Baridi kwanza, halafu linashika joto la mkono. Mimi ni wa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, nimesugua mawe kwa maji na msasa tangu utotoni. Lakini hapa mimi ni gadi, mlinzi tu, na gadi haruhusiwi kuzungumza na wageni zaidi ya kuwaonyesha choo. Ila alivyocheka yule mama! Nimeshukuru siku nzima.

Jumatatu, 12 Januari

Benard, supavaiza wetu, ameniita. Kamera imeniona "nikihutubia". Onyo la pili hilo. La tatu ni tiketi ya kurudi Kenya — na binti yangu Tiffany ndiyo kwanza ameingia gredi ya kumi, karo atalipa nani! Ila hakunifokea. Akaniuliza kama nimekula. Mungu ambariki.

Jumatano, 14 Januari

Kina mama wanarudi Jumamosi. Cheryl anataka niwaeleze mimi, tena nilete kitu cha kushika. Ninacho! Bakuli la jiwe la mama, alinipa siku ya kuondoka. Naweka herini ndani yake. Benard hana neno, lakini barua ya ruhusa itoke kwanza kampuni yetu ya ulinzi. Bila barua, mimi ni gadi tu. Ana haki.

Ijumaa, 16 Januari

Barua bado. Kanisani (huku ibada ni Ijumaa) nimeiombea kwa jina lake: Barua.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika nimekaa chumba cha makabati ya wafanyakazi.

Wamekuja kumi. Barua hakuna. Cheryl ananitazama, mimi namtazama Benard mlangoni. Akaja polepole. "Kerubo, enda break. Dakika ishirini. Mtu akiwa break, anaongea na anayetaka." Kisha akasimama mwenyewe mahali pangu, mikono nyuma. Supavaiza mzima!

Nikatoa bakuli. Likapita mkono kwa mkono. Bi Hadijah akaligeuza, kidole kikakwama chini. "Mwanangu, hapa pamesuguliwa na mkono mwingine. Mkono mdogo." Jamani! Ni kweli. Mama aliniachia nimalizie kitako, nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimelia mbele ya wageni, na sare ya watu mwilini. Sijutii. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dakika ya kumi na nane redio ikalia: Benard aende juu, kwa meneja. Kerubo afuate.

Benard yuko ndani sasa hivi. Cheryl amekuja mbio kuniambia basi la kina mama linanguruma nje, dereva amekasirika, na Bi Hadijah amekataa kupanda. Ameomba kiti. Amekaa mlangoni kwa meneja, bakuli mapajani, anasema Kerubo akiitwa ndani, wataingia wawili, yeye na mimi.

Ninaitwa ndani. Naenda.