DVD ya Neema Haikuwa Imeharibika

Mama mukubwa,

Ni minye, Furaha, mtoto wa mdogo wako. Nakuandikia nikiwa ndani ya sekretaria yangu, kibanda changu cha kuchapa kazi za watu hapa Kilibula, mlango nimeufunga nusu ili wateja wadhani sipo. Kuna neno nilipaswa kukuambia ungali hai.

DVD ya Neema haikuwa imeharibika.

Siku ile ulitoka Nyakabere kwa moto, nyuma ya dereva wa pikipiki, vumbi limekujaa mpaka kwenye nyusi, na DVD ya arusi ya binti yako umeifunga ndani ya kikwembe kama mtu anavyofunga kitoto kichanga. Lekteri ya kuchezea DVD nyumbani kwenu ilikuwa imekufa. Neema mwenyewe alikuwa ametutoka, mwaka wa pili huo, na sauti yake ilikuwa imebaki ndani ya kile kisahani tu. Ukaniambia, "Mwanangu, uniwekee Neema mu telefone. Niwe namuona nikiwa peke yangu."

Nilikuwa na wanafunzi sita mlangoni, kila mmoja anataka kazi yake ichapwe kabla ya kwenda kwa mwalimu. Niliingiza DVD katika ordinateri. Ile kompyuta yangu inatumia mfumo uitwao Linux, niliuweka baada ya virusi vya flashi za wateja kunilia kila kitu, na nilikuwa bado sijauzoea. Programu ya kutoa video katika DVD ikatafuta, ikatafuta, kisha ikaandika kwamba haikuona kitu cha kunakili. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mistari mingine mingi. Sikuisoma. Nilikurudishia DVD yako nikasema, "Iko mubaya, Mama mukubwa. Haiwezekani tena."

Hukubisha. Ulisema, "Weye ndiye unajua." Ukaifunga tena ndani ya kikwembe, ukaniuliza kama nimekula, ukaenda.

Weye ndiye unajua. Na minye sikuwa najua kitu.

Mvua zilipoanza, homa ikakuchukua kwa siku nne. Nilifika Nyakabere weye umekwisha kukata roho, umefunikwa shuka. Baada ya mazishi tulipanga nguo zako, na Grâce, yule mjukuu wako, akatoa DVD chini ya sanduku. Akanipa akisema, "Mama mudogo, weye uiweke. Bibi hakutaka tuitupe." Ulikuwa umeitunza hivyo, kitu nilichokuambia kimekufa.

Niliporudi hapa niliielekeza dirishani nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na mafuta ya mikono, masizi ya jikoni, na mkwaruzo mmoja mrefu. Basi. Niliiosha kwa maji ya sabuni, nikaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Nikaiingiza. Programu ikasema maneno yaleyale. Lakini safari hii nilisoma ile mistari ya chini, mmoja mmoja. Haikusema disque imekufa. Ilisema kuna sehemu chache zisizosomeka. Ordinateri ilikuwa inajikwaa kwenye sehemu ya kwanza mbovu na kuacha kazi yote, kama nilivyoacha minye.

Nikatafuta kwa simu, nikapata chombo kingine cha Linux kiitwacho ddrescue. Unakiandikia amri, nacho kinanakili kwanza mahali penye uzima, kisha kinarudi penye ubovu na kujaribu tena na tena, bila haraka. Umeme ulikatika mara mbili. Nilidhani nimepoteza vyote, kumbe chenyewe kinaandika pembeni mahali kilipofika, na umeme ukirudi unakipa amri ileile, kinaendelea hapo. Siku ya pili mchana nilikuwa na nakala nzima ndani ya ordinateri. Niliipa ileile programu isome nakala badala ya DVD. Ikafunguka.

Arusi nzima, Mama mukubwa. Zimekosekana sekunde chache tu, pale watu wanapopita na viti.

Neema amesimama mu lupango lenu, pale uani, na gauni lake jeupe, anatazama kamera, anasema, "Mama, usilie, naenda hapa tu Uvira." Na weye uko nyuma yake, unacheka huku unajipangusa macho. Nilisimamisha video hapo. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Ilichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya hizo ordinateri ilikuwa inafanya kazi yenyewe, minye nahudumia watu. Ndicho ulichoniomba. Nami niliamua kukunyima ndani ya dakika zisizotosha hata kunywa kikombe cha maji.

Siku ya kuondoa kilio tuliionyesha mbele ya familia. Watu walilia, wakacheka. Mume wako aliniwekea mkono kichwani akanibariki mbele ya wote, akasema nimewarudishia watu wawili. Nami nikainamisha kichwa, nikaipokea ile baraka. Sikuwaambia kwamba uliniomba ungali hai, nami nikakurudisha. Unaona jinsi nilivyo.

Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, nilimwambia Grâce ukweli wote. Nilidhani atakasirika, au atasema si kitu. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwani. Kisha akasema, "Minye nilikuwa nyumbani siku ile alirudi. Alilia kidogo, halafu akapika." Akatangulia mbele. Mume wako bado sijamwambia. Jumamosi hii ninapanda moto kwenda kumwambia, na kama ataiondoa ile baraka, ni haki yake.

Siwezi kukuomba unisamehe kisha nijijibu mwenyewe kwa niaba yako. Nakuacha upumzike na mtoto wako. Ninachoweza kukupa ni hiki tu: mtu akiniletea kitu chake hapa, na mlango umejaa watu, na sijakigusa ipasavyo, sitamwambia haiwezekani. Nitamwambia sijajaribu, akae, angoje.

Ulale vema, Mama mukubwa.

Minye mtoto wako,
Furaha