Kumi na Saba na Mmoja

Sejong, 4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima. Naandika kwa kuwa kwenye simu husikii, unaishia kunifokea.

Kazi imenikwama. Wizara imekusanya wataalamu kumi na wanane waafikiane nchi itapata wapi umeme kwa miaka ishirini ijayo, nami ndiye mwandishi wao. Baada ya mizunguko mitatu, kumi na saba wamekubaliana: upepo wa pwani ya kusini, nyuklia iliyopo, na njia mpya ya umeme hadi Seoul. Daktari Pyo Mi-ran peke yake amekataa. Anasema vijiji vinavyopitiwa na njia hiyo havijaulizwa. Mwenyekiti wetu, Profesa Gwak, ameniambia, "Bi Noh, andika 'kwa kauli moja'. Mtu mmoja asitucheleweshe." Ripoti inatakiwa tarehe ishirini.

Wako,
Mwanao Eun-jae

Bamgol, 9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linalalamika, nami nalizoea. Kabichi yetu ya mwisho ya kimchi nimekutumia, usiwagawie wote ofisini.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Mwaka ule mama yako alipolazwa hospitalini Daegu, nilirudi nikakuta vigingi vimepigwa katikati ya shamba letu la miti ya matunda. Nguzo kubwa ya umeme inakuja. Karatasi ilisema wakazi wote wamekubali. Nilimwendea mkuu wa kijiji. Akanijibu, "Hukuwepo, tukakuhesabu umekubali." Ndiyo maana mkuu yule alipofariki sikwenda kumzika.

Umeme wenyewe siuelewi. Huenda wangeniuliza ningekubali. Mwenye kalamu ni wewe, sikuamulii.

Baba yako

Sejong, 17 Aprili

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya kirefu. Sikujua nianzie wapi.

Niliandika: kumi na saba wamekubali, mmoja amepinga, na sababu zake ni hizi. Profesa Gwak alisoma, akavua miwani.

"Nimekuita uandike au utunge sera?"

"Niandike, Profesa. Nimeandika kilichosemwa."

 Siku ya tatu akairudisha mwenyewe rasimu mbele ya wataalamu. Wawili kati ya wale kumi na saba wakakiri walikubali kwa kuchoka tu. Basi wakaafikiana wote, safari hii kweli: njia isichorwe kabla kila kaya haijaulizwa. Ripoti imesogezwa hadi vuli.

Wizara haikufurahi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na hawataurefusha. Nilipokuwa nafungasha vitu vyangu vya ofisini, Profesa aliniletea sanduku la kuwekea vitabu, akanisaidia kulibeba hadi kituo cha basi. 

Nitakuja Bamgol, kama chumba changu hujakijaza vitunguu saumu.

Mwanao

Bamgol, 6 Mei

Eun-jae mwanangu,

Pole kwa kazi. Nimeuanika mkeka wako juani. Vitunguu nimevihamishia barazani, ila harufu itabidi uivumilie.

Jana alikuja binti mmoja wa wizara na ramani. Wanapendekeza njia mpya ipite ng'ambo ya mto wetu. Alikaa saa nzima, akala viazi, akaeleza polepole nilipomwambia sisikii vizuri. Mwishoni akafungua daftari.

"Babu, niandike umekubali au umepinga?"

"Wanaruhusu jibu la tatu?"

Akacheka, akasema hajui, labda.

"Basi andika: Noh Byeong-ho bado anafikiria."

Akaandika. Nilimwomba anisomee, akanisomea mara mbili, kwa sauti.

Baba yako