Tonge la Shati la Sostenes

Klara,

Nimewahi basi la Shelui. Maharage yako jikoni, chumvi utie wewe, baba yako asiguse. Mbwa ameshakunywa maji. Dagaa wake wako kwenye kopo la bluu. Mifupa ya kuku usimpe, hata akikutazama vipi.

Asubuhi mlinicheka nilipokimbilia barabarani na kanga moja. Mbwa alikuwa amekata kamba, nikamkuta amekaa kituoni anatazama malori. Baba yako akasema ndivyo walivyo mbwa wa kuokotwa, tungemwacha hukohuko kwa daktari wa mifugo anayewatunza. Si hivyo. Kosa ni langu.

Siku tuliyomleta, lile tonge la ugali linalopakwa jasho la kwapa ili mbwa asihame, sikulipaka jasho langu. Nililisugua kwenye shati la kaka yako Sostenes, lile aliloacha msumarini alipopanda lori mwaka juzi. Nilitaka akirudi asibwekewe kama mgeni. Sasa mbwa anamtafuta mtu ambaye hayupo.

Shelui naenda kuwauliza madereva, labda yupo aliyemwona. Baba yako akisoma hapa asinune.

Shati usilifue.

~~Jioni paka tonge jasho lako umpe, azoee watu wa hapa.~~

Hilo nimelifuta. Mpe ugali mtupu, mfungulie kamba, akitaka kukaa barabarani akae. Miaka miwili nimengoja peke yangu.

Mama