Radhi kwa Mtani

Jumatatu, 5 Mei 1975
Wizara wanauliza kwa nini chuo hakijafunguliwa. Wananiuliza mimi, Mkuu wake! Jengo walilotupa lilikuwa ghala la karanga, na bado linanuka karanga. Viti vimekwama Dodoma – behewa bovu, wanasema. Kwa wakubwa wa Dar, Tabora ni mahali pa kununua asali dirishani treni ikisimama. Chuo cha umma wanakitaka kwenye hotuba, si kwenye bajeti.

Nao waombaji wa darasa la hesabu wametimia kwa shida, na wa mwisho ni Marcelina, mwalimu huko Ipuli. Akikosekana, Wizara wanalifuta darasa. Amefanya kazi miaka yake kama inavyotakiwa. Limebaki pendekezo la tawi la chama.

Jumatano, 7 Mei
Kikao cha tawi, kumjadili Marcelina. Kimechelewa kuanza, kama kawaida. Baba yake, mzee Raymundi, alikaa mbele na kofia yake ya kanisani. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo – watani tangu babu zao waliposhuka pwani na meno ya tembo wakilala kwetu njiani. Tangu nifike hapa hajanisalimia bila kunitukana. Basi nilipoombwa maoni nikasimama: Mnyamwezi umpe kitabu? Atakitwika kichwani aulize mzigo huu unashushwa wapi!

Watu walivunjika mbavu. Marcelina mwenyewe alicheka hadi machozi. Raymundi akajibu kwamba Mzaramo akipewa chuo atauza milango akacheze ngoma. Nikamalizia: haya, mpitisheni mtumwa wangu, nimechoka kumlisha. Nimerudi nyumbani nimefurahi, jambo ambalo halijatokea siku nyingi.

Ijumaa, 9 Mei
Balaa! Marcelina amekataliwa – na aliyemkataa ni mimi! Katibu wa tawi, Ndugu Damas, ni mgeni, ametoka Bukoba juzi juzi. Ameandika kwamba Mkuu wa chuo amempinga mwombaji kwa sababu ya kabila lake.

Nimemwendea, nikamweleza utani. Akasema chama hakijui utani, kinajua ukabila, na waliocheka walicheka kwa kuogopa cheo changu. Raymundi aniogope mimi! Mwisho kanipa njia moja: nisimame mbele ya wanachama niombe radhi, ndipo muhuri ugongwe. Majina yanaondoka na treni ya Jumapili ya wiki ijayo. Nikasema, hilo tu? Tayari.

Jumamosi, 10 Mei
Nilijibu haraka mno. Batuli, karani wangu, mzaliwa wa Isevya, aliacha kupiga taipu aliposikia. “Bwana Mkuu, mtani haombwi radhi. Ukimwomba, umekiri ulimtukana kweli.” Najua, Batuli, na kwetu ni hivyo hivyo! Nimemkaripia bure.

Jioni nikaenda Ipuli. Raymundi alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na hiyo si kawaida yake. Akasema baba yake alipokufa, Mzaramo mmoja wa reli alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Watu wakacheka, msiba ukawa mwepesi. Siku yake ikifika ananitegemea mimi. “Ukiniomba radhi, mimi nitazikwa na wageni tu.”

Marcelina alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. “Baba, wewe unapanga kuzikwa. Mimi napanga kusoma.”

Niliaga kwa aibu.

Jumatano, 14 Mei
Nimeomba radhi. Wamecheka!

Nilianza vizuri, tena kwa sauti ya kanisani: ndugu zangu Wanyamwezi, nawaomba radhi… Sikumaliza. Ukumbi mzima uliangua kicheko, mama mmoja akapiga vigelegele. Raymundi kapangusa macho akasema Mzaramo huyo, ameona fimbo ameshika adabu! Walidhani ni utani mwingine, tena mzuri kuliko wa kwanza.

Damas amefura. Eti nimekifanyia chama mzaha. Kikao kingine keshokutwa, nisipojirekebisha habari zinakwenda mkoani. Shahada zote hizi, na kuomba radhi nimeshindwa!

Ijumaa, 16 Mei
Leo hawakucheka.

Nilimtaja kwa jina. Mzee Raymundi, nilikukosea wewe na binti yako, nisamehe. Sikutabasamu. Mmoja huko nyuma alianza kucheka, akajikuta peke yake, akaacha. Raymundi alinitazama. “Nimekusamehe, Mkuu.” Akavaa kofia, akatoka. Nilitamani anitukane walau kidogo.

Damas kanipa mkono. Ameridhika. Muhuri je? Anao Mwenyekiti. Na Mwenyekiti yuko wapi? Nzega! Atarudi kesho. Nimekanyaga utani wa babu zangu kwa ajili ya muhuri uliokwenda Nzega.

Jumamosi, 17 Mei
Ipuli, sebuleni kwa Raymundi. Mwenyekiti hajafika, na treni ni kesho. Damas amesema gari lake lazima lipite barabara hii, tumngoje hapa hapa. Tangu mchana tunangoja. Marcelina yuko dirishani, amevaa gauni la safari ingawa haendi popote leo. Kila gari likivuma anasimama.

Nimepewa kiti chenye mto. Siku zote hapa nilikalishwa juu ya kinu – kiti cha watumwa, alivyokuwa akisema. Chai imeletwa kwenye kikombe cha wageni. Raymundi ameniuliza afya yangu, na ya familia, na ya wakubwa Wizarani. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, chai gani hii, au ndiyo maji mliyonawia miguu mlipotoka pwani?

Marcelina akageuka haraka, akamtazama baba yake.

“Samahani, Mkuu,” akasema Raymundi. “Ngoja tukuongezee sukari.”

Sukari haipatikani mji mzima wiki ya pili hii. Ametoka na kikombe mkononi, naona anabisha hodi kwa jirani. Gari limepita. Si la Mwenyekiti.