Beringi ya Gurudumu la Nyuma

Arusha

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ipokee kwa niaba ya baba, maana yeye sitamwamkia tena. Nawe Agnesi mdogo wangu, unayemsomea mama, soma polepole, usiruke mahali hata nikijisema vibaya. Mama, unakula? Unalala? Ule mguu uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Barua ya baba mdogo imenifika. Anasema kaka yake amezikwa bila mwanawe mkubwa kwa sababu nilipenda lori kuliko baba. Nilikasirika, nikaichana. Halafu nikaokota vipande nikavisoma tena, kwa kuwa hajasema uongo wote.

Mliponiletea habari kwamba baba amelazwa Ifakara, tajiri yangu aliniambia, "Nenda na lori ukamwone mzee, urudi na mchele kabla mvua haijafunga njia." Niliondoka siku hiyohiyo. Kabla ya Dodoma gurudumu la nyuma likaanza kulia. Pale Dodoma kuna gereji kubwa yenye matawi katika kila mji, milango yake yote rangi ya kijani, mafundi wamevaa ovaroli, karani ana mhuri. Nikasema, hapa nimefika. Walikaa nalo siku tatu. Nilipotaka kuingia nione wanachofanya, karani alinizuia mlangoni: "Dereva anangoja nje." Wakanipa karatasi yenye mhuri kwamba wameweka beringi mpya, ile pete ya chuma ambayo gurudumu huzungukia.

Mama, nafika Gairo, gurudumu linalia vilevile! Nikajikokota hadi Morogoro, nikaenda wapi? Kwenye mlango wa kijani tena. Ndipo nilipokosa akili. Karani wa pale akasoma karatasi ya wenzake, akasema beringi haina kosa, kosa liko kwenye giaboksi. Kila asubuhi nikiuliza, naambiwa, "Kesho." Siku sita nimekaa kwenye benchi lao. Utaniuliza kwa nini sikuacha lori nikapanda basi. Hata mimi najiuliza kila siku. Niliogopa kutelekeza mali ya mtu, na kila mara niliona nikiondoka leo, kesho lori litakuwa tayari.

Siku ya saba nililitoa kwa ugomvi. Mama mmoja muuza uji akanielekeza kwa Mzee Saidi, aliyetengeneza magari ya jeshi wakati wa vita, na sasa anafanya kazi uani kwake. Huyo hana mlango wa rangi yoyote. Neno lake la kwanza: "Chuchumaa hapa, uone mwenyewe." Akafungua gurudumu, akapangusa grisi, akaniwekea beringi mkononi. Kuukuu, tena ina ufa. Wale wa Dodoma waliipaka grisi tu wakairudisha! Adhuhuri haijafika, alikuwa ameshaweka nyingine.

Nililia pale uani, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimkumbuka baba akichonga mitumbwi kwetu Mofu. Mabanzi aliyotoa katikati ya gogo hakuyachoma mpaka mwenye mtumbwi aje ayashike, aone kama moyo wa mti ni mzima. Alikuwa akisema, "Fundi asiyekuonyesha alichotoa, mwogope." Mimi nimekua nikimwokotea mabanzi hayo, halafu nikaenda kuamini mhuri.

Nilifika Kidatu mvua imenitangulia. Maji yamefunika njia, magari yanageuzwa. Hapo nikakutana na mtu wa Ifakara aliyepenya kwa mtumbwi na kwa miguu. Akanitazama sana. "Wewe si mtoto wa mchonga mitumbwi? Pole, ndugu yangu. Tulimzika juzi." Juzi hiyo mimi nilikuwa kwenye benchi. Akanieleza kwamba pale kitandani baba kila aliposikia lori linaelekea kivukoni, aliinua kichwa akauliza, "Ni yeye?" Nilitaka kuingia majini nije hivyohivyo. Akanishika shati. "Unataka mama yako azike wawili?" Nikageuza lori, nikarudi huku Arusha.

Nisamehe, mama. Sina neno jingine.

Msalimie shangazi aliyemuuguza hospitalini, na katekista aliyemwombea. Yosefu mdogo wangu mwambie ahsante kwa kutupa udongo wa kwanza mahali pangu. Baba mdogo naye msalimie, sina kinyongo naye.

Kuna fundi cherehani anayerudi kwao Mahenge, atakuletea kifurushi kidogo kizito. Ndani ni ile beringi. Mzee Saidi alitaka kuitupa, nikamkatalia. Baba mdogo aishike kwanza, auone ufa. Kisha Yosefu aifukie kaburini, upande wa kichwa. Baba hakuniona mimi. Basi aone kilichotolewa.

Mimi mwanao niliyechelewa,

Benedikto