Majina Matano Juu ya Chungu

Jumatatu, mwezi wa kumi. Jua kali tangu asubuhi. Mawingu yanakuja mpaka juu ya paa, halafu yanajiondokea bila kudondosha hata tone. Na mimi niko vivyo hivyo, machozi yanafika machoni yanarudi.

Jana mwanangu wa kumzaa amenisaliti.

Naandika katika daftari lake la shule, kurasa za nyuma alizoziacha tupu. Madarasa manne tu nilisoma, lakini mwandiko wangu ni mzuri, aliyewahi kupata barua yangu anajua.

Na pombe yangu? Hapa Tabora, mtaa wa Cheyo, nani asiyeijua! Harusi ikitangazwa kanisani, watu wanauliza kwanza kama Mama Agnesi ndiye anayepika, ndipo wanauliza bibi arusi ni binti wa nani. Pombe yangu ni nzito, inashika kwenye midomo, lakini haikuachii utamu wa uji kooni. Inamalizika safi. Hapo ndipo wenzangu wanaposhindwa. Ya kwao ama nyepesi kama maji ya kusuuzia kata, ama tamu mpaka nzi wanagombania.

Siri yote iko kwenye moto wa uji. Mtama ukishaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa, hicho ndicho kimea. Ukikitia uji ukiwa moto mno, kimea kinakufa, unabaki na chungu cha uji. Ukingoja upoe mno, kimea kinakula kila kitu, pombe inatoka kali na nyepesi. Mimi nachovya kidole, na kikiwa bado ndani nataja majina ya wanangu kwa mpangilio wa kuzaliwa: Agnesi, Petro, Veronika, Yosefu, Tekla. Kidole ndicho kinachoniambia.

Nimewazaa watano, wote wazima, wote wamesoma. Nani mwingine ana kipimo kama hicho?

Veronika ndiye niliyemfundisha. Ameolewa Kaliua na karani wa stesheni, kijana mpole, na kule mkwe anatazamwa kwa chungu chake cha kwanza. Jana mtoto wao alibatizwa. Nikapanda treni na kitenge kipya, moyo umejaa. Bibi wa mtoto ni mimi, na pombe ya ubatizo imepikwa na mikono niliyoifundisha mimi.

Nafika uani, namkuta nani ameketi kwenye kigoda kando ya mtungi, kata mkononi, anagawia wazee?

Mama Kalunde.

Mama Kalunde wa Cheyo, nyumba ya nne kutoka kwangu! Yule tunayeshindana naye tangu nywele zetu zikiwa nyeusi.

"Karibu mwenzangu," akaniambia, meno yote nje. "Onja kazi ya mwanao. Siku hizi anapima kwa kiwiko, kama mimi. Vidole tumewaachia wenyewe."

Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikaonja.

Ilikuwa nzuri. Naliandika hapa tu, sitalisema popote. Utamu ulibaki kidogo nyuma ya ulimi, lakini uzito wake ulikuwa sawasawa.

Nikamvuta Veronika nyuma ya jiko. Akapiga goti, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Mungu anisamehe, sikuitikia shikamoo ya mwanangu siku ya ubatizo wa mjukuu wangu. Nikamuuliza amekosa nini kwangu hadi aende kujifunza kwa yule mwanamke.

"Mama, nilipika mara tatu kama ulivyonifundisha," akasema. "Mara tatu ikatoka maji. Mama mkwe akaimwaga mbele ya majirani. Akaniuliza, hivi wewe kweli ni binti wa yule mpika pombe wa Tabora, au walikuokota?"

"Majina uliyataja?"

"Yote matano, mama. Mpaka Tekla ndipo nikatia kimea. Si ndivyo ulivyoniambia?"

Ndivyo nilivyomwambia.

Nikasema treni itaniacha, nikaondoka hata nyama sijala. Njia nzima nilikuwa nikimtukana Mama Kalunde moyoni, na mwanangu naye nikamtukana. Maziwa niliyomnyonyesha ameyapeleka kwa jirani! Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimefagia nayo ua.

Ila daftari halina masikio, basi niseme.

Kidole changu hakijawahi kufika kwa Tekla; kwenye jina la tatu nakitoa na kutia kimea. Uji unaoruhusu majina matano umeshapoa, pombe yake lazima iwe nyepesi. Nilijua. Nilimwambia matano makusudi, jioni ile kabla ya harusi yake, huku nikimpaka mafuta miguuni. Niliogopa watu waje waseme pombe ya Veronika imeipita ya mama yake. Nilitaka aje Tabora, anililie, aniombe, nami nimpe kidogo kidogo.

Hakuja kwangu. Alikwenda nyumba ya nne.

Bado nimeumia, sitadanganya. Angeweza kunitumia barua. Lakini nani aliyeanza? Aliyemwagiwa pombe mbele ya majirani ni mwanangu, na aliyeimwaga, mkono wa kwanza kabisa, ni mimi.

Keshokutwa kuna treni. Kimea nimeshakisaga, kiko kwenye kikapu. Mama Kalunde akisikia atacheka mwaka mzima, na acheke. Nitampikia Veronika uji jikoni kwake, mama mkwe akitaka akae atazame. Nitaitikia kwanza ile shikamoo. Kisha nitachovya kidole mbele yake, nitaje Agnesi, nitaje Petro, na nikifika kwenye jina lake nitakitoa.