Kabla Hatujazika Tunda la Yago

Mdogo wangu Ouma,

Popote ulipo, kama upo, shemeji yako anakusalimu. Mimi nimekonda. Hata suruali nilizojishonea mwenyewe zinanivuka, na wateja hapa Tarime wanasema ndivyo ushonaji wangu ulivyo siku zote.

Unakumbuka uliporudi kutoka chuoni, ukakaa kando ya cherehani yangu ukinifundisha neno opsheni? "Kaka, kwa watu wa fedha ni haki unayoilipia leo, ili baadaye ununue kwa bei mliyopatana. Ukiona haifai, unaacha. Kwenye programu za kompyuta ni kama kisanduku: huenda kuna kitu ndani, huenda hamna. Lazima uangalie kwanza, usikurupuke."

"Kwa hiyo ng'ombe wa mzee waliokulipia ada wameishia kwenye kisanduku kitupu?"

"We shona tu, kaka." Tukacheka mpaka uzi ukakatika.

Kisha dhahabu ikatoka kule Ringwani. Ukampa mwenye shamba mbuzi akuwekee sehemu ya kuchimba, mpaka mawe ya shimo la jirani yaonyeshe kitu. "Ni opsheni, kaka. Mtu halazimishwi kushuka." Jirani akapata, ukashuka. Nani alikulazimisha, Ouma?

Mvua ilinyesha, duara, lile shimo lenu la kuchimbia, likatitia. Mwenzako mmoja anaapa ulikuwa chini, nyuma yake. Mwingine anasema ulishapanda asubuhi ukaelekea barabarani. Walifukua mpaka udongo ukataka kuwafunika na wao, wakaacha. Simu yako haipatikani. Kila basi likiingia naacha nguo za watu mezani, nakwenda kuchungulia madirishani kama mwizi.

Jumamosi baba mdogo anataka tukuzike. Desturi yetu Wajaluo unaijua: mwili usipoonekana, tunazika tunda la yago, lile refu la mwegea, mahali pake, na jembe la kwanza anapiga kaka mkubwa. Nilikataa. "Baba mdogo, hatujamwona bado."

"Na mama yako asubiri mpaka lini?"

Mama halii, Ouma. Anasema kulia kabla ya msiba ni kukuitia kifo. Anakufunikia chakula, kinapoa, anamwagia kuku. Jana alinishika mkono: "Mwanangu, niruhusu nimlie mdogo wako."

Basi nitapiga jembe. Baba mdogo anasema aliyezikwa akirudi hapiti mlango mkubwa mpaka atambikiwe. Wewe zunguka nyuma, pitia jikoni. Shemeji yako hataweka komeo.

Kaka yako